Shafti ya Mifereji Miwili

Mashine yangu ya milingi haina haraka, na ndiyo sababu watu wengi wa Bukoba hawaipendi. Wanaingia karakanani kwangu, mtaa wa Bakoba, na chuma mkononi, pikipiki wameiacha inanguruma nje, wanasema, "Mzee, nitolee kidogo tu hapa, nasubiri." Nawaambia kaeni. Wanakaa. Wanaangalia meza ya mashine inavyosogea pole pole kama padre mzee anayepanda altareni, halafu wanaanza kupiga simu, kisha wanaangalia saa, kisha wanachukua chuma chao na kwenda kwa fundi wa kuchomelea.

Fundi wa kuchomelea wanampenda. Kwake kila ugonjwa dawa yake ni moto. Puli imelegea, anachomelea. Gia imekatika jino, anachomelea. Mlango haufungi, anachomelea, na kweli haufunguki tena. Baada ya wiki wateja wale wale wananirudia na chuma chenye manundu kama mguu wa ng'ombe mgonjwa, wananiambia, "Mzee, jaribu kukiokoa." Mimi si padre. Lakini nakipokea, kwa sababu napenda kuwaona wamekaa pale kwenye benchi, wametulia, hawana tena pa kukimbilia.

Mashine yenyewe niliinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na karakana nyuma ya duka lake la vipuri, alipoamua kuwafuata watoto wake waliokwisha ondoka mjini. Vibao vyake vina maandishi ya nchi ambayo sijui hata iko upande gani. Watu walinicheka. "Utaisomaje, mzee, na wewe uliishia darasa la nne?" Niliwajibu kwamba hata Kiswahili nakisoma kwa kupumzika njiani, na bado nafika. Nilijifunza kwa kuvunja visu. Kila kisu kilichovunjika kilinipa somo, na nilisoma sana miaka ile.

Nieleze mara moja, ili msomaji asije akajifanya anajua. Kwenye mashine ya kukereza, chuma kinazunguka na kisu kimetulia, kwa hiyo unatengeneza vitu vya duara: shafti, bushi, vitu kama hivyo. Kwenye milingi ni kinyume. Kisu ndicho kinachozunguka, nacho kina meno mengi kuzunguka mwili wake, na chuma kimefungwa mezani kimya. Meza ndiyo inayokipeleka chuma kwenye kisu. Kila jino linapopita linachukua kipande chake kidogo, kilichojikunja kama ukucha wa mtoto, linaliachia jino la nyuma nalo lichukue. Hivyo unapata uso ulionyooka, au pembe, au mfereji. Hakuna uchawi. Kuna kufunga chuma vizuri, kupima, na kula kidogo kidogo. Mambo matatu tu, na sijapata kuona mtu wa kwetu anayeyapenda hata moja.

Sasa habari ya dada yangu.

Dada yangu anayenifuata aliolewa Muleba, akafiwa na mume, akabaki na watoto, kibanja cha migomba, na mashine ya kukoboa kahawa. Ile mashine ndiyo iliyomlea yeye na watoto. Wakulima wanaleta kahawa ya maganda imekauka juani, anaikoboa, wanaondoka na kahawa safi, naye anabaki na ujira na rundo la maganda ambalo anatandaza migombani. Wanaume wa ukoo ule hawakuwahi kuizungumzia mashine hiyo ilipokuwa inafanya kazi. Ilipokufa wote wakakumbuka kwamba ilikuwa ya ndugu yao.

Kilichokufa ni shafti. Puli kubwa inayovutwa na mkanda wa injini inakaa kwenye shafti, na kinachozifunga pamoja ni kipande cha chuma cha pembe nne kinachoitwa kii. Nusu yake inakaa ndani ya mfereji uliochongwa kwenye shafti, nusu ndani ya mfereji wa puli. Hiyo kii ililegea, ikaanza kucheza, ikaula mfereji mpaka ukawa mdomo wa kibogoyo. Puli inazunguka, shafti imesimama. Dada akaita fundi wa huko, na fundi wa huko akafanya nini? Akachomelea. Puli ikashikana na shafti ikiwa imekaa upande, mashine ikawashwa, ikaruka kama mbuzi aliyekanyaga moto, na shafti ikakatika.

Hapo ndipo shemeji yangu alipoingia. Huyu ni mdogo wa marehemu. Ni mtu mwenye tumbo zuri, kofia nzuri, na mdomo usiofungwa hata kwenye misa. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba lile banda la mashine, ambalo liko kando ya barabara, linafaa kuwa baa. Alikuwa amechagua mpaka rangi ya viti. Mashine aliipangia safari yake: iuzwe kwa kilo kwa watu wa skrepa, ipakiwe kwenye lori mpaka Kemondo, na huko ivuke ziwa ikayeyushwe iwe nondo.

Dada akakataa. Ukoo ukakaa kikao, kwa sababu ukoo ule hauwezi kuona viti viwili bila kufanya kikao. Wakaamua hivi: kikao kitakaa tena Jumamosi inayofuata, pale pale bandani. Mashine ikikoboa gunia moja mbele ya watu, inabaki kwa mjane na banda lake. Isipokoboa, lori linapakia, na banda ni la shemeji. Dada akanipigia simu.

"Kaka," akasema, "unaweza?"

"Naweza."

"Usiniambie unaweza kwa sababu unapenda kusema unaweza."

Ndugu wa kuzaliwa ni kitu kibaya, wanakujua. Nikamwambia alete puli na vipande vya shafti, na asimruhusu mtu mwenye mashine ya kuchomelea kupita hata karibu na uzio.

Vipande vilikuja kwa pikapu, na shemeji juu yake. Ukoo ulikuwa umemtuma asimamie, eti nisije nikaazima mashine ya mtu mwingine na kuwaonyesha hiyo. Alishuka na suruali iliyonyooshwa, akaangalia karakana yangu, sakafu yenye mafuta, ukuta wenye kalenda ya mwaka uliokwisha sahaulika, akasema, "Shemeji, hapa ndipo unapofanyia kazi?"

"Hapana," nikamwambia, "hapa ndipo ninapopokelea wageni. Kazi nafanyia hoteli."

Sehemu ya kwanza ya kazi ilikwenda vizuri. Nilikata puli kutoka kwenye yale manundu ya moto, nikasafisha tundu lake, nikakereza shafti mpya kutoka kwenye chuma kizuri nilichokuwa nimekihifadhi muda mrefu nikimsubiri mteja anayekistahili. Kilikuwa kimoja tu cha unene ule. Shemeji alisimama nyuma yangu wakati wote akitoa maoni. Mtu huyu hajawahi kushika hata spana, lakini alikuwa na maoni.

Kisha tukahamia kwenye milingi kuchonga mfereji wa kii. Kazi hiyo natumia kisu cha duara kama sahani, chembamba, unene wake sawa na upana wa kii, na meno yamezunguka ukingoni. Shafti ni ya mviringo, haiwezi kulala mezani peke yake, itabingirika. Kwa hiyo ina vitanda vyake: vipande viwili vya chuma vizito, kila kimoja kina bonde lililokatwa juu kama herufi V. Unalaza shafti kwenye mabonde hayo mawili, unaikaza kwa klampu kutoka juu, basi imetulia kama mtoto mgongoni.

Na kabla ya kuilaza unafuta. Unafuta meza, unafuta vitanda, unafuta shafti, halafu unapitisha kidole, kwa sababu kidole kinaona kuliko macho. Takataka ndogo ikikaa chini ya chuma, chuma kimeinuka, na kisu hakijui kwamba kimeinuka. Kisu kinakata kilichopo mbele yake.

Nikafuta, nikalaza, nikakaza. Nikachukua karatasi nyembamba ya kusokotea sigara, nikailowesha kwa mate, nikaibandika juu ya shafti. Kisu kikiwa kinazunguka, unapandisha meza taratibu mpaka meno yainyakue ile karatasi. Yakiinyakua, unajua kisu kimefika kwenye ngozi ya chuma, na hapo ndipo unaanza kuhesabu kina kwenye pete ya hendeli yenye alama za vipimo. Yakainyakua. Na umeme ukakatika.

Tukakaa. Umeme ukikatika Bukoba hakuna wa kumwuliza, unakaa. Mke wangu, maana nyumba yetu iko nyuma ya karakana, alikuwa amekwisha sikia kwamba kuna mgeni, tena mkwe, na kwetu mgeni hakai mkono mtupu. Akaleta kamwani kwenye kikapu kidogo. Kwa asiyejua, kamwani ni kahawa yetu ya kutafuna, buni iliyochemshwa pamoja na ganda lake na majani ya harufu na kukaushwa. Mgeni unampa, anatafuna, mnazungumza. Usipompa umemtukana, na atazunguka Muleba nzima akieleza jinsi alivyotukanwa.

Shemeji akajaza kiganja. Akajaza na cha pili.

"Sasa shemeji," akasema huku akitafuna, "kwa nini usikate mfereji wote kwa mara moja? Kina chote, pwaa, umemaliza. Naona unapima pima kama muuza dhahabu."

"Ukila ndizi unaimeza nzima?"

"Ndizi ni ndizi."

"Na kisu ni kisu. Ukikipa mzigo wote kwa mara moja kitapata joto, kitabweka, na kitavunjika. Kisu kile ni kimoja. Ukikivunja utakipata wapi, kwenye baa yako?"

Akacheka, makombo yakamruka, akaniita kwa heshima ya Kihaya. "Waitu, shemeji, usiniseme. Mimi nilimwambia tu dada yako ukweli. Mashine ni mzee. Hata sisi tutazeeka."

"Wewe nani atakuuza kwa kilo?" nikamwuliza. "Maana utaleta hela nyingi."

Mke wangu akaingia ndani haraka, mkono mdomoni.

Umeme ukarudi alasiri. Sasa mimi, kwa sababu nilikuwa nimekaa muda mrefu na sikuamini kwamba hakuna aliyegusa kitu, nikafungua klampu, nikainua shafti, nikafuta tena vile vitanda. Wengine wasingefuta. Mimi nilifuta, na nilipitisha kidole. Nasisitiza jambo hilo na nitalisisitiza mbele ya yeyote. Kati ya kidole changu na kulaza shafti, shemeji akainama juu ya meza, kofia na tumbo na yote, akanyoosha kidole kwenye bonde la kitanda cha mbali, mdomo umejaa, akauliza, "Na hapa pametengenezwa hivi kwa nini?"

Nikamjibu. Nikalaza shafti. Nikakaza.

Kisu kikaanza kula. Ni sauti nzuri ile, si kelele, ni kama mtu anayetafuna mahindi mabichi akiwa peke yake. Nilikula kidogo, nikarudisha meza, nikapandisha kidogo, nikala tena. Maji meupe yenye mafuta yanamiminika kutoka kwenye kopo, vipande vinadondoka vimejikunja, nami nilikuwa naimba moyoni kwa sababu kazi yangu naipenda. Nikafika kina nilichokusudia. Nikazima. Nikachukua kii, nikaijaribu.

Upande mmoja ilikaa sawasawa. Upande wa pili ilizama kama mguu kwenye matope.

Nikaijaribu tena, maana mtu hakubali mara ya kwanza. Ikazama tena. Mfereji ulikuwa na mteremko. Ukiacha kii kwenye mfereji wa namna hiyo itacheza, ikicheza itaula mfereji, na baada ya msimu mmoja dada yangu yuko pale pale alipokuwa. Nikafungua klampu, nikainua shafti, nikaangalia kitanda cha mbali. Ndani ya bonde kulikuwa na nusu ya punje ya kamwani, na ganda lake, imebanwa imekuwa bapa, inang'aa.

Nikaibandua kwa kucha, nikaiweka kwenye kiganja, nikamwonyesha shemeji.

Akaiangalia. Akaangalia kikapu. "Hiyo si yangu," akasema.

"Tuko wawili humu ndani, na mimi sina meno ya kutafunia hayo madudu tangu zamani."

"Labda ni ya mteja mwingine."

"Na mate yake bado mabichi?"

Nimekaa kwenye ufundi miaka mingi. Nimeona kazi ikiharibika kwa kutu, kwa umeme, kwa mteja kuleta chuma alichokwisha kipaka rangi ili kipendeze mbele ya fundi. Kazi kuharibiwa na ukarimu wa mke wangu na mdomo wa mkwe ilikuwa mara ya kwanza. Sidhani kama wale waliotengeneza mashine ile, huko kwao, waliwahi kuliwaza jambo hilo.

Shemeji akajikusanya haraka. Nikaona furaha inampanda usoni pole pole, kama mkate unavyoumuka. "Basi ndiyo hivyo," akasema. "Mungu hakupenda. Chuma kingine huna, umesema mwenyewe ni kimoja. Ngoja nimpigie wa lori nimthibitishie."

"Weka simu."

"Shemeji, tuwe wakweli..."

"Weka simu, mwanaume wewe. Shafti ina mgongo mmoja?"

Hakuelewa. Nikachukua shafti nikaigeuza mikononi mbele ya macho yake. Upande huu una mfereji mbovu. Upande wa pili ni mzima, haujaguswa. Puli haijali kii imekaa upande gani wa shafti, inachotaka ni kii iliyokaa imara. Shafti yenyewe ni nene, mfereji mmoja wa bure hautaiua. Nikiigeuza, nitachonga upya mgongoni.

"Shafti yenye mifereji miwili!" akasema. "Ukoo wataiona. Watasema imechongwa na mlevi."

"Wataionea wapi? Itakuwa imevaa puli. Wewe ukivaa suruali tunaona nini?"

Lakini sasa nilikuwa na tatizo moja kubwa kuliko shafti, nalo lilikuwa limesimama pale na mdomo wake. Nikimwambia atoke nje atakwenda kusema nilimfukuza ili nibadilishe chuma. Akikaa atainama tena. Nikafikiria. Mtu kama yule, ukitaka mdomo wake unyamaze, mpe mikono yake kazi.

Nikamwambia, "Temea nje yote. Sukutua. Nawa mikono. Njoo ushike hendeli ya meza."

"Mimi?"

"Kwani umetumwa kusimamia au kuangalia?"

Akanawa. Nikafuta vitanda, nikapitisha kidole, nikamfanya na yeye apitishe chake. Nikalaza shafti mgongo juu, nikakaza, nikanyakua karatasi, nikahesabu kina mimi mwenyewe. Kila kitu nilipanga mimi. Yeye nilimwachia kuzungusha hendeli, kazi ambayo ni kama kuzungusha kitasa cha redio, ila kwa subira.

Akaanza kuizungusha upande usiofaa. Nikampiga mkono.

"Unakipeleka chuma kikutane na meno yanavyokuja," nikamwambia. "Ukikipeleka kwa kufuata meno yanakokwenda, kisu kitakinyakua. Skrubu ya meza hii imelegea kwa uzee, ina nafasi. Meza itarukia kisu, kisu kitavunjika, na vipande vitakutafuta wewe kwanza, maana ndiwe mpana."

Basi akazungusha upande unaofaa. Pole pole. Mimi nimesimama na kopo nikimimina maji. Kisu kikagusa. Nikaona mabega yake yanashtuka, kwa sababu chuma kinapokatwa unakisikia mkononi, ule mtetemo unapanda kwenye hendeli mpaka kwenye kiwiko. Akanyamaza. Nawaambieni alinyamaza. Mtu ambaye alizungumza kwenye mazishi ya kaka yake mwenyewe mpaka mwenyekiti akamvuta koti, alinyamaza akiangalia meno yanavyokula chuma mbele ya mkono wake.

Halafu akapiga kelele kama mtoto aliyeona senene wa kwanza wa msimu, wale panzi wetu wa kula. "Shemeji, inakula! Inakula!"

"Usiongeze mwendo."

"Siongezi! Ona inavyokula!"

Tukarudisha, nikapandisha kidogo, akala tena. Jasho linamtoka, kofia ameiweka juu ya ndoo, shati jeupe limepata madoa ambayo mke wake hatayatoa maisha yake yote. Tulipofika kina nikazima, nikajaribu kii. Ikaingia kwa kugongwa kidogo na nyundo ya shaba, ikakaa sawa mwanzo mpaka mwisho, haikutikisika. Akaomba aijaribu mwenyewe. Akaijaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi ukoo ulikuwa umejaa bandani. Mzee wa ukoo, baba mkubwa wa marehemu, alikaa kwenye kiti cha mbele na fimbo katikati ya magoti. Lori la skrepa lilikuwa limefika kweli, limeegeshwa kwenye nyasi, vijana wake wamelala juu ya vyuma vya watu wengine. Dada yangu alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Aliangalia tu puli ilivyokaa kwenye shafti mpya, akaishika kwa mikono miwili, akajaribu kuitikisa. Haikutikisika. Akaenda kusimama pembeni, mikono ameifumbata kifuani, na niliona vidole vyake vinavyominya kitenge.

Injini ikavutwa. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikashika. Mkanda ukavuta puli, puli ikavuta shafti, na mashine ikazunguka bila kuruka. Dada akamimina gunia. Maganda yakaanza kuruka upande mmoja, kahawa safi ikaanza kushuka upande wa pili. Akachukua punje, akaiuma, akampelekea mzee wa ukoo nyingine naye akaiuma, ingawa ana meno machache kuliko yangu.

Gunia lilipokwisha, injini ikazimwa, mzee akauliza, "Nani amechonga chuma hiki?"

Nikafungua mdomo. Sijawahi kuukimbia mdomo wangu mahali pa kusifiwa, sioni kwa nini watu wanaona haya. Lakini shemeji alikuwa mwepesi zaidi.

"Mimi," akasema. Akasogea mbele, akaonyesha madoa kwenye lile shati, alikuwa amelivaa tena makusudi. "Nilichonga kwa mkono huu. Shemeji alinielekeza kidogo, lakini hendeli nilishika mimi. Mnajua chuma kinavyokuwa mkononi? Hamjui. Kinanguruma! Ukikosea kidogo kisu kinavunjika kinakuua."

Damu ikanipanda. Nikavuta pumzi ili nimweleze mzee habari yote, pamoja na kamwani. Dada yangu akanikanyaga mguu. Si kidogo. Alinikanyaga kwa kisigino, na mama yule si mwembamba. Kisha akapaza sauti mbele ya ukoo wote.

"Ni kweli, baba. Shemeji yangu ametoa jasho. Mashine hii sasa ni kazi ya mkono wake."

Watu wakapiga makofi. Shemeji akavimba. Mzee wa ukoo akageuza fimbo ikaelekea kwenye lori. "Na lile?"

"Lile nini, baba?"

"Wale vijana wanasema wewe ndiye uliyewaita. Wanasubiri kupakia."

Nikamwona anavyolitazama lori, anavyoitazama mashine, anavyowatazama wanawake waliokuwa bado wanapiga makofi. Viti vya baa vilimpita machoni, nadhani na rangi yake. Kisha akakunja uso kama mtu aliyetukanwa.

"Nani auze chuma nilichochonga mwenyewe?" akasema. "Mna wazimu?" Akatoka nje kuwafukuza vijana wa skrepa, na alikuwa anawagombeza kwa ukali kweli, kana kwamba wao ndio waliokuja na wazo hilo.

Dada akaondoa kisigino chake.

"Umenivunja kidole," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Kitapona," akasema. "Nyamaza, kaka. Leo tu."

Mzee wa ukoo akanigeukia, kwa adabu, kama mtu anayemkumbuka mgeni aliyesahaulika kwenye kona. "Na wewe, mkwe wetu, ulisaidia nini?"

Sijui kama mnajua ilivyo vigumu. Mimi mtu wa darasa la nne, niliyenunua mashine isiyosomeka nikaisoma mwenyewe, niliyeinua shafti ile kutoka kwenye manundu ya moto na kwenye mate ya mwanaume yule. Nikamwangalia dada. Alikuwa hanitazami. Alikuwa ameinama anafungua gunia la jirani aliyekwisha jipanga na kahawa yake, mikono yake imetulia sasa.

"Nilimshikia kopo la maji," nikasema.

"Vizuri," akasema mzee. "Kila mtu na sehemu yake."